Ushuhuda Ambao Kanisa Halikuutaka

Nasambu alikuwa na miaka thelathini na tisa siku msumeno ulipomkata mkono wa kulia, na mpaka leo, miaka minne baadaye, hajaishukuru siku hiyo. Naanza na jambo hili kwa sababu watu wengi wa Kiplombe, hapa Eldoret, wanaosimulia habari zake huzimalizia kwa kusema kwamba mkasa ule ulimjenga. Yeye akisikia hivyo huinuka akaenda zake, hata kama chai bado iko kikombeni.

Alizaliwa upande wa Bungoma na akaja Eldoret akiwa msichana wa miaka ishirini kumlelea dada yake mtoto. Mtoto alipoanza shule, Nasambu akatafuta kazi. Alifua nguo za watu, akauza mahindi ya kuchoma, kisha akaandikwa katika kiwanda cha mbao cha Mzee Gichuru kufagia vumbi la msumeno. Kwa miaka miwili alifagia huku akitazama. Siku moja mtu wa msumeno hakufika kazini, magogo yakawa yanangoja, na Nasambu akaomba ajaribu. Wanaume walicheka. Aliyakata magogo sita kabla ya saa nne, mbao zikatoka zimenyooka, na kicheko kikaisha.

Alikaa kwenye msumeno ule miaka kumi na moja. Aliweza kusikia sauti tu akajua gogo lina fundo au lina msumari mkuukuu ndani yake. Mafundi wa nyumba walikuwa wakifika kiwandani wanauliza kama mama yuko, na wakiambiwa hayuko wanasema watarudi kesho. Kituyi, fundi wa mawe, alimwona hapo mara ya kwanza alipokuja kutafuta mbao, na alirudi mara nne kwa wiki ile ile ingawa jengo lake halikuwa kubwa hivyo. Walioana, wakapata binti mmoja, Nekoye.

Msumeno wa namna ile una kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya meno, kikiacha nafasi ya mbao kupita tu. Miezi mitatu kabla ya ajali, yalikuja magogo makubwa ya saiprasi ambayo yalikuwa yakikwama kwenye kifuniko. Mzee Gichuru akaamuru kitolewe ili kazi iende haraka. Magogo makubwa yaliisha, kifuniko kikabaki kwenye kona nyuma ya mota. Nasambu alimwambia mzee mara ya kwanza kwamba kirudishwe, akajibiwa kwamba fundi ataitwa. Alimwambia mara ya pili mbele ya Apondi, kijana aliyekuwa akimsukumia magogo. Mzee akamtazama, akatabasamu.

"Mama Nekoye, kifuniko ni cha mtu asiyejua kazi. Wewe unajua."

Ilikuwa sifa, na Nasambu aliipokea kama sifa. Katika yote yaliyofuata, hilo ndilo lililomchoma kwa muda mrefu zaidi: kwamba yeye naye alitabasamu.

Ajali yenyewe haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na gogo lilikuwa limelowa. Liliteleza, na mkono wake ukaenda nalo. Hakusikia uchungu mara moja. Aliona Apondi amefungua mdomo, akashangaa kwa nini kijana analia, kisha akatazama chini. Apondi ndiye aliyezima umeme, akavua shati lake, akalifunga juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote, akampakia kwenye pikipiki katikati yake na mwenye pikipiki. Madaktari walisema shati lile ndilo lililomwokoa. Mkono wenyewe haukuokolewa. Alibaki na kigutu kinachoishia juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Alilala wadini siku kumi na tisa, na siku hizo ndizo zilizomfundisha hasira.

Watu walikuja wengi, na walikuja kwa upendo, hilo alilijua. Walileta uji, ndizi, mayai ya kuchemsha. Lakini kila aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda alikuwa na jambo la kumwambia. Wa kwanza alisema ashukuru kwamba ni mkono tu. Wa pili alisema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Wa tatu, mwanamke waliyeimba naye kwaya, alimwambia kwa macho yanayong'aa kwamba siku moja ataangalia nyuma na kuona kwa nini jambo hili lilikuwa lazima litokee. Nasambu alikuwa amelala na kigutu kimening'inizwa kwenye kamba, vidole visivyokuwepo vinamuuma kana kwamba vimebanwa mlangoni, na akamsikiliza mwenye mikono miwili akimweleza faida ya kuwa na mmoja.

Siku ya kumi akaja Mzee Gichuru. Alikuwa mzee wa kanisa lao, mtu wa suti ya kijivu, mwenye sauti ya kunyenyekea. Aliomba sala ndefu mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainamisha vichwa. Katika sala hiyo alimwambia Mungu kwamba wanajua amemchagua dada yao huyu amwinue kupitia mapito. Hakumwambia Mungu habari ya kifuniko. Aliposema amina, Nasambu alikuwa amegeukia ukuta, na hakugeuka mpaka aliposikia viatu vyake vimefika mwisho wa wadi.

Nyumbani kulikuwa kugumu kuliko hospitali. Hospitalini hakuna aliyetarajia afunge kitambaa cha kichwa. Hapa alisimama mbele ya kioo asubuhi nzima akijaribu kwa mkono wa kushoto na meno, kitambaa kikiteleza, mpaka Nekoye akaja kumfungia na yeye akamfukuza mtoto kwa maneno ambayo baadaye alijuta. Alijifunza kuandika jina lake upya. Alijifunza kuosha mkono mmoja, jambo ambalo watu wenye miwili hawajawahi kulifikiria, kwa sababu mkono huoshwa na mwenzake.

Kupika ugali ndiko kulikomshinda. Sufuria ilizunguka pamoja na mwiko. Alijaribu kuibana kwa goti, akajichoma. Siku moja, wiki ya sita, ugali ulikuwa umeanza kushikana sufuria ilipogeuka kwenye jiko, na Nasambu akaichukua yote, sufuria na ugali na mwiko, akairusha uani. Kuku walikimbia, kisha wakarudi.

Kituyi alikuwa amekaa kwenye kizingiti akivua viatu vya kazi. Tangu ajali alikuwa mpole kupita kiasi, akimzunguka mke wake kama mtu anayezunguka kitanda cha mgonjwa, na upole huo ulikuwa ukimtia Nasambu wazimu. Safari hii aliinuka, akaokota sufuria, akaitazama jinsi ilivyobonyea.

"Mama Nekoye," akasema, "nikasirikie mimi. Mkasirikie Gichuru. Kasirikia hata Mungu, Yeye hatakosa usingizi. Lakini chakula tulikuwa tunakingoja."

Nasambu alimtazama, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio hicho kikaendelea mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ndiyo mara yake ya kwanza kulia tangu siku ile. Kesho yake Kituyi alirudi kutoka kazini na vipande vya mbao, akapiga misumari fremu ya miguu minne inayoibana sufuria kwenye jiko isizunguke. Wakala ugali wa kupikwa kwa mkono mmoja. Ulikuwa na madonge, na wakaumaliza.

Mwezi wa kumi na moja mchungaji alikuja kumtembelea. Alisema kuna Jumapili ya shukrani, na kanisa lingependa kusikia ushuhuda wake: jinsi alivyopita kwenye moto na jinsi Mungu anavyomjenga. Ingekuwa vyema, akaongeza, amtaje Mzee Gichuru kwa upole, maana mzee alikuwa ameumia sana rohoni na watu walikuwa wameanza kusema maneno. Nasambu akamuuliza kama anaweza kusema kilichotokea. Mchungaji akasema bila shaka, ushuhuda ni kusema kilichotokea.

Kwa hiyo akasema.

Alisimama mbele akiwa amevaa gauni la buluu ambalo Nekoye alimfungia vifungo, na safari hii alimruhusu. Mzee Gichuru alikuwa kiti cha mbele. Aliyemshikia maiki alikuwa mwimbaji wa kwaya, lakini Nasambu akaichukua mwenyewe.

"Nimeambiwa niseme Mungu alinitendea nini," akasema. "Mungu hakunikata mkono. Nimekatwa na msumeno ambao haukuwa na kifuniko. Kifuniko kilikuwa kwenye kona, hatua tano kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nilisema mara mbili kirudishwe. Mliokuja hospitalini mkaniambia kuna sababu, mlisema kweli. Sababu ndiyo hiyo."

Mtoto mmoja nyuma aliuliza kitu, akazibwa mdomo. Nasambu alikuwa na mengine ya kusema, kwamba ameambiwa ashukuru na hatashukuru, kwamba anataka mkono wake, lakini mchungaji alikuwa amekwisha kuanzisha wimbo na kinanda kikamfuata. Aliweka maiki juu ya kiti akatoka kwa mlango wa mbele, na Kituyi akatoka nyuma yake, na Nekoye nyuma ya Kituyi.

Wiki iliyofuata wanawake watatu wa kwaya walivuka barabara wasikutane naye. Mchungaji alikuja tena, akasema kwa huzuni kwamba moyo wa Nasambu umeingia uchungu, na uchungu ni kama sumu kwa anayeubeba. Nasambu alimkaribisha chai, akamsikiliza, akamwambia kwamba hajawahi kumsikia akimweleza Mzee Gichuru habari za moyo wake.

Lakini Jumatatu ile, bila yeye kujua, jambo lilikuwa limetokea kiwandani. Apondi alikuwa kanisani Jumapili. Asubuhi alifika kazini, akakunja mikono kifuani, akasema hagusi msumeno. Wa pili akasimama naye, halafu watano, halafu kiwanda kizima kikakaa chini juu ya magogo. Walimwambia mzee hawana ugomvi naye, wanataka vifuniko. Jumatano jioni Apondi alifika kwa Nasambu mbio, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akamwambia misumeno yote imefunikwa. Fundi alikuja, akakata chuma, akafunga skrubu, basi.

Apondi alitarajia afurahi. Nasambu alikaa chini kwenye nyasi.

"Siku tatu," akasema. "Apondi, ilitaka siku tatu tu?"

Nasambu aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kukasirika kama alivyokasirika jioni ile. Kama ingekuwa kazi kubwa, kazi ya mwaka, mashine ya kuagizwa kutoka ng'ambo, angeelewa kidogo. Lakini ilikuwa skrubu na kipande cha chuma, na mtu mmoja kuona kwamba mkono wake una thamani ya siku tatu. Alilala na hasira hiyo, akaamka nayo, akapika nayo. Na bado alijua pia, ingawa hakutaka kumwambia mtu, kwamba Apondi atazeeka na mikono yake miwili, na kwamba hilo limetoka mdomoni mwake yeye. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja na hayakupatana.

Mwaka mpya alirudi hospitalini kuangaliwa kigutu. Sista, muuguzi aliyemjua tangu wadini, alimvuta kando. Kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na mbili, Nduta, kutoka Burnt Forest. Mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe ilikuwa imemchukua mkono. Alikuwa hali, haongei. Sista akamuomba Nasambu akamtie moyo, kwa sababu yeye amepita hapo na amekuwa mtu wa nguvu.

Nasambu nusura akatae. Neno nguvu lilimkera. Lakini alikwenda, na alipofika akakuta wanawake wanne wamekizunguka kitanda, na mmoja wao, shangazi wa msichana, alikuwa akisema kwamba Mungu humfinyanga amtakaye. Msichana alikuwa ametazama dari. Nasambu aliyatambua macho yale kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

Alinyanyua kigutu chake wote wakione, akawaambia kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya mota, kwamba mgonjwa amechoka na akina mama watoke nje kidogo. Walitoka. Akavuta kiti akakaa. Alikaa muda wa kutosha mpaka chai iliyoletwa ikapoa na mhudumu akaja kuichukua.

"Na wewe umeletwa uniambie kuna mpango?" Nduta akauliza hatimaye, bila kugeuka.

"Hapana."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nilikuwa nimeletwa nikutie moyo. Mimi mwenyewe sina wa kugawa."

Msichana akageuza kichwa. Alitazama kigutu, kisha uso. "Umekaa hivyo muda gani?"

"Miezi sita."

"Na hasira inaisha?"

Nasambu alifikiri. Angeweza kudanganya, na ingekuwa rahisi. "Haijaisha," akasema. "Nikifunga kitambaa asubuhi, iko. Lakini siku hizi nafunga kitambaa."

Nduta alianza kulia, si kilio cha kimya, ni kile cha kupiga kelele na kutukana mashine, na nyasi, na ng'ombe mwenyewe kwa jina lake. Shangazi akachungulia mlangoni kwa hofu. Nasambu akamwashiria asiingie. Kelele zilipoisha, msichana alisema ana njaa, kisha akauliza mtu anamenya vipi viazi kwa mkono mmoja, maana kwao ni viazi tu. Nasambu akamweleza habari ya ubao wenye misumari miwili iliyopigwa kutoka chini, unachomeka kiazi hapo, kinatulia, unamenya. Alhamisi iliyofuata alimletea ubao huo. Kituyi ndiye aliyeutengeneza.

Ndivyo ilivyoanza. Nduta alipoenda kwao, sista akamwambia kuna mwingine, mwanamume wa Kapseret aliyegongwa na lori. Baadaye kukawa na mwingine. Mji huu una mashine nyingi na barabara mbaya. Kila Alhamisi Nasambu anaingia wadini na mfuko wenye mbao za viazi na fremu za sufuria. Hasemi kuna sababu. Mtu akitaka kuomba anamwacha aombe, akitaka kutukana anamwacha atukane, na wote huwauliza jambo lile lile: ilitokeaje, na nani alijua kuna hatari. Wawili kati yao wamesimama mbele ya waajiri wao wakasema. Mmoja alifukuzwa. Hilo nalo analibeba.

Kuna jambo lililomsumbua sana mwaka wa kwanza wa kazi hiyo. Aligundua kwamba Alhamisi anaamka mapema. Anavaa vizuri. Akitoka wadini anatembea kama alivyokuwa akitembea zamani akitoka kwenye msumeno, kama mtu aliyefanya kazi anayoiweza. Na hilo lilimkasirisha, kwa sababu aliona ni kama kumsamehe Gichuru bila Gichuru kuomba, kana kwamba furaha yake ni risiti ya malipo ya mkono wake. Alikaa wiki tatu bila kwenda. Kituyi ndiye aliyemwambia kwamba vitu hivyo viwili si kimoja. Mkono aliuchukua Gichuru. Alhamisi ameitengeneza mwenyewe, na Gichuru hana sehemu hapo. Wiki ya nne akarudi.

Mzee Gichuru alifika kwake mara moja tu, mwaka jana, mwezi wa nne, adhuhuri. Alikuwa amekonda. Hakuja na kapu wala sala. Alisimama nje ya ua mpaka Nasambu akamkaribisha, na hata hapo hakukaa. Alisema ametafuta maneno muda mrefu.

"Uliniambia mara mbili," akasema. "Nilisikia zote mbili."

Nasambu alikuwa ameyangoja maneno hayo karibu miaka mitatu. Alifikiri akiyasikia kifua kitafunguka. Hakikufunguka. Alihisi uchovu tu, na kitu kidogo kama heshima, kwa sababu alijua ilivyokuwa vigumu kuyasema.

"Asante kwa kusema, mzee," akamjibu. "Sasa ukayaseme kule kanisani. Kwa maiki ile ile."

Mzee alitazama chini akasema ataona. Hajayasema mpaka leo. Miezi miwili baadaye alihamia kanisa jingine, karibu na nyumba yake ya mjini, na watu wanasema huko pia amefanywa mzee wa kanisa. Vifuniko viko. Apondi, ambaye sasa ndiye anayeendesha msumeno, huvikagua kila asubuhi kabla ya kuwasha mota.

Mchungaji alimuuliza Nasambu mwaka huu, walipokutana sokoni, kama sasa haoni mkono wa Mungu katika kazi anayoifanya hospitalini. Hakuuliza kwa ubaya. Nasambu akaweka chini mfuko wake wa mboga za sukuma ili amjibu vizuri. Alimwambia kazi anaipenda na hataiacha. Alimwambia amejifunza kuwasikiliza watu kuliko alivyokuwa akisikiliza magogo, na kwamba zamani hakujua ana ulimi wa kusema ukweli mbele ya watu. Kisha akamwambia kwamba kama leo angeletewa mkono wake na kuambiwa arudishe hayo yote, angeuchukua mkono kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Mchungaji hakuwa na wimbo wa kuanzisha pale sokoni. Alimsaidia kunyanyua mfuko, wakaagana.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na mzee wa Kinandi kitanda cha dirishani, amekatwa mguu juu ya goti. Alimwona Nasambu akija, akaanza kumtukana kwa lugha yake, maneno marefu yenye pumzi. Sista alitaka kumwomba radhi kwa niaba ya mgonjwa. Nasambu akasema haina haja. Alivuta kiti karibu, akakaa, akamwacha aendelee.